Kaa Kitako, Ndege Waje

Maneno haya yalisemwa na mwongoza wageni wa siku nyingi mbele ya vijana, wavuvi na wenye nyumba za wageni, kando ya Hori ya Mida, Kaunti ya Kilifi. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokuja na kamera na simu. Nimepewa dakika kumi nizungumze juu ya kupiga picha za ndege. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nisipolisema mtalirudia.

Zamani nilimleta mgeni hapa, maji yamejaa. Ndege walikuwa wamejikusanya kwenye kipande cha mchanga kilichosalia, wengine wamelala wamesimama kwa mguu mmoja. Mgeni alitaka picha ya kundi likiruka. Nikapiga makofi. Likaruka, likazunguka, likatua. Picha haikumpendeza, nikapiga tena. Mara ya tatu hawakurudi. Mgeni akanipa bakshishi nzuri, nami nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Sikujua nilichokifanya. Wale ndege wadogo wa rangi ya kahawia tunaowaita chamchanga, wengi wao huzaliwa kaskazini kabisa, Siberia, ambako kiangazi ni kifupi mno. Huanza kutufikia mwezi wa Agosti na huondoka Aprili. Mmoja ana uzito wa yai la kuku tu. Safari hiyo yote anaisafiri kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na mafuta hayo anayapata kwenye matope haya yetu, kwa minyoo na vikaa. Lakini matope yako wazi wakati wa kupwa peke yake. Maji yakijaa hana pa kula, ana pa kupumzika tu. Ukimrusha wakati huo, anachoma alichokula asubuhi. Ukimrusha Machi, anachoma nauli yake.

Mvuvi aliyekesha baharini akirudi alfajiri kulala, umwamshe mara tatu kwa sababu unataka kuona anavyoruka kitandani. Ndivyo ilivyo.

Yule mkubwa mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, mla kaa, ambaye wageni huvuka bahari kuja kumwona hapa Mida, naye ni msafiri. Huzaa katika mashimo ya mchangani, kwenye visiwa na pwani za Bahari ya Shamu na Ghuba. Kwetu anakuja kula na kulala.

Sasa, picha utaipataje? Usimfuate ndege. Hilo ndilo jambo kubwa nililo nalo leo. Uliza wavuvi maji yatajaa saa ngapi. Fika mapema, muda wa saa mbili kabla, matope yakiwa bado wazi. Chagua mahali jua liko mgongoni mwako, kisha kaa kitako. Chini kabisa, suruali ichafuke. Mtu aliyesimama kwa macho ya ndege ni adui. Aliyekaa bila kutikisika ni kisiki. Kisha subiri. Maji yanapopanda yanawasukuma ndege wenyewe, hatua kwa hatua, kuelekea ulipo. Nimewahi kukaa hivyo hadi chamchanga wakala karibu na viatu vyangu, lenzi haiwezi tena kuwaona wazima.

Na picha ya kundi likiruka? Itakuja bila makofi. Kipanga akipita juu ya hori, wote watainuka mara moja. Weka kamera tayari ungoje.

Kama ni lazima usogee, usiende moja kwa moja wala usimkazie macho. Nenda upande, simama, inama, nenda tena. Nao watakwambia. Ndege aliyekuwa akila akiinua kichwa akatulia, amekuona. Akianza kutembea kukukwepa, umekaribia mno. Rudi nyuma hapo hapo, usingoje afungue mbawa. Kwenye ile njia ya mbao ndani ya mikoko, tembeeni polepole na msiitikise.

Kijana mmoja ameniuliza hapo nje afanyeje, hana lenzi ndefu, ana simu. Lenzi ndefu ni ghali, hata mimi nilikaa miaka bila. Mwombe mwongozaji darubini yake, weka kamera ya simu kwenye tundu la kutazamia, tuliza mkono. Utapata picha nzuri ukiwa mbali. Kinachowarusha ndege wengi ni simu, maana haina nguvu ya kuvuta, basi mwenye nayo hukimbilia mbele.

Tuingie msituni kidogo. Arabuko-Sokoke tuna yule bundi mdogo, urefu wake haupiti kiganja na vidole. Anaishi Arabuko-Sokoke, Dakatcha, na chini ya milima ya Usambara huko Tanzania, basi. Mchana analala kwenye vichaka vya udongo mwekundu, na waongozaji wanajua anapolala. Hapa kuna pesa, sitajifanya sijui, nimesomesha watoto kwa bundi huyo. Lakini wageni wakipelekwa asubuhi, adhuhuri na jioni, bundi anahama, na kesho wote tunakosa. Tukubaliane: kundi dogo, dakika chache, bila flashi, na tawi lililomficha lisivunjwe. Na ile tabia ya kumchezea sauti yake kwenye simu usiku hadi aje, tuiache. Anadhani mwenzake amevamia makao yake. Anaacha kuwinda, anakuja kupigana na simu.

Viota ni kabisa. Usikaribie, usipogoe majani upate mwanga. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu wanakutazama. Ukishaondoka wanakwenda kuona ulikuwa ukichungulia nini.

Kuna mnana wa Clarke, ambaye duniani kote anaishi katika kaunti hii peke yake. Viota vyake vilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 2013, huko Dakatcha. Ukibahatika kumpiga picha akijenga, zima kwanza ile sehemu ya simu inayoandika mahali ulipo, kisha ndiyo uitume mitandaoni. Andika "Kilifi", inatosha.

Droni sitaitolea maneno mengi. Hori hii ni hifadhi ya bahari, na huwezi kuirusha bila kibali cha walinzi wa wanyamapori na cha mamlaka ya usafiri wa anga. Kwa ndege, droni ni kipanga asiyechoka.

Leo maji yanaanza kupanda baada ya adhuhuri. Tutateremka watu sita sita. Wewe mwenye jezi nyekundu, kuna kanzu yangu kuukuu ndani ya gari, ivae juu. Simu zote zinyamazishwe, na mlio ule wa kamera pia. Mwenye kiu anywe sasa, kwa sababu tukishakaa hatuinuki.