Kazi ya Bwana Miti na Mitihani Yake

Kwenu ninyi mkaao Makandana na pande zote za Tukuyu nasema, Mugonile. Maongezi yangu ya leo ni habari za kazi ya afisa misitu wa Serikali, yule ambaye wazee walizoea kumwita Bwana Miti, na jinsi mtu aipatavyo kazi hiyo siku hizi kwa kushindana katika mitihani.

Nimeitaja Makandana kwa kusudi. Mtu asimamapo hapo asubuhi isiyo na ukungu (nazo ni chache, kama mjuavyo) huuona Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 3,000, umevaa msitu wake mabegani. Msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1949, na mwaka 2009 ukapandishwa cheo ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Ndimo akaamo kipunji, nyani mrefu wa manyoya ambaye wataalamu wa ulimwengu hawakumjua mpaka alipotangazwa mwaka 2005. Wawindaji wa kwetu walikuwa wakimtaja kabla ya hapo, lakini hakuna aliyewauliza. Tena msitu huo ndio uhifadhio maji ya mvua na kuyatoa polepole katika mito iendayo Ziwa Nyasa, na migomba na chai yenu huishi kwa maji hayo. Basi mlima kama huo hauwezi kukosa mtunzaji, na mtunzaji huyo hana budi kutoka mahali fulani. Kwa nini asitoke Makandana?

Nikiuliza hivyo, najua jibu litakalotolewa na wazee wengi: “Kazi za Serikali ni za wenye ndugu mjini.” Neno hili limewaharibia vijana wengi. Mmoja akilisikia huacha kusoma. Mwingine humwendea baba yake, wakauza ng’ombe, wakampa fedha mtu mwenye suti asemaye kwamba anamjua mkubwa fulani. Mtu huyo hupanda basi, asionekane tena. Sikilizeni vema: kuomba kazi katika Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hakulipiwi hata senti moja, na Sekretarieti yenyewe imewaonya watu mara nyingi juu ya matapeli. Atakaye fedha yako ili akupe nafasi, huyo ni mwizi tu.

Sasa njia yenyewe. Huanzia darasani. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyefaulu masomo manne, yasiyohesabiwa ya dini, aweza kutafuta nafasi ya astashahada, ila vyuo vya misitu huyatazama zaidi masomo ya sayansi, kama Biolojia. Chuo kilicho maarufu ni cha Olmotonyi, karibu na Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1937 katika miteremko ya Mlima Meru, ambako wanafunzi hujifunza katika msitu hasa wala si kwenye ubao peke yake. Huko hupatikana astashahada na stashahada. Atakaye shahada humaliza kidato cha sita, akaenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mzazi asiye na uwezo asikate tamaa upesi. Ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu.

Cheti kikiisha kupatikana, kazi haijapatikana. Mwombaji husubiri tangazo, kisha huomba kwa njia ya intaneti, akiambatisha vyeti vyake na cheti cha kuzaliwa. Hapa wengi huanguka kabla ya kuulizwa swali lo lote. Tangazo husema waziwazi kwamba karatasi ya matokeo si cheti, nao hupeleka karatasi ya matokeo. Tangazo hutaja umri, wao hawausomi. Jina katika cheti cha kuzaliwa ni moja, na katika cheti cha shule ni jingine. Enyi wazazi, tengenezeni majina ya watoto wenu mapema, wangali wadogo.

Waliochaguliwa huitwa kwenye usaili, ambao kwa kawaida una ngazi zaidi ya moja: kwanza mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha, kwa kazi nyingine, wa vitendo, na mwisho mahojiano ana kwa ana. Kila mtu hujilipia nauli, chakula na malazi. Usaili ukifanyika Dodoma, mtu wa Tukuyu hupanda hadi Mbeya, apite Iringa, alale njiani au afike usiku, na kesho yake aandike mtihani pamoja na mamia ya wenzake waliotoka kila mkoa. Fedha ile ya ng’ombe ingefaa kwa safari hiyo.

Huulizwa nini? Siwezi kuwapa maswali, lakini elimu ya misitu inajulikana. Nitatoa mfano ambao hata mwanafunzi wa shule aweza kuujaribu kesho. Mti hupimwa unene wake penye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, si chini penye mizizi. Zungusha kamba, uipime: tuseme ni sentimita 157. Gawanya kwa 3.14, utapata kipenyo cha sentimita 50. Sasa urefu. Shika fimbo wima, mkono umenyooka, sehemu ya fimbo iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka ngumi mpaka jicho. Katika uwanda ulio sawa, rudi nyuma hadi fimbo ilingane na mti, shina kwa ngumi na ncha kwa ncha. Pima hatua zako mpaka penye mti: huo ndio urefu wake kwa kukadiria. Ukiwa mita 20, mti huo kama ungekuwa bomba ungekuwa na mita za ujazo karibu 4. Lakini mti huchongoka kwenda juu, basi kwa makadirio ya upesi tunachukua nusu, yaani 2. Asiyejua hesabu hiyo hawezi kumwambia mnunuzi wa mbao kwamba anadanganya.

Kadhalika huna budi kuijua Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, igawayo misitu katika hifadhi za Taifa, za serikali za mitaa, misitu ya vijiji na ya watu binafsi. Mgawanyo huu si wa kukariri tu. Afisa asiyeujua atawafukuza wanakijiji katika msitu ulio wao, au atauachia msitu wa Taifa kwa aliye wa kwanza kuufikia.

Katika mahojiano huenda mtu akaulizwa jambo lisilo katika kitabu. Tuseme: umemkuta mjomba wako amekata mti ndani ya hifadhi, utafanyaje? Kijana wa Kinyakyusa huona moto kifuani hapo, maana mjomba si mtu wa kukamatwa. Kwa maoni yangu, asemaye upesi “nitamkamata” hajafikiri, naye asemaye “nitamwonya tu” amekwisha kuikosa kazi. Afadhali aseme kwamba ataifuata sheria, na kwa kuwa ni ndugu yake atamwarifu mkubwa wake na kumwachia mwenzake shauri hilo.

Mashindano haya si ya kwetu peke yetu. Huko Uhindi, kwa nafasi za maafisa wa misitu yapata 150 katika mwaka 2024, watahiniwa walianza kwa mtihani wa mchujo ulio mmoja na ule wa maafisa wa utawala, wengi mno kuliko nafasi. Wanaoshinda hupelekwa kufundishwa Dehradun.

Mwenye kushinda hapa kwetu aweza kuajiriwa na halmashauri ya wilaya, au na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ulioundwa mwaka 2010. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2020, watumishi wa Wakala wamo katika Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu. Basi ajue kwamba atavaa sare, atapata mafunzo ya kijeshi, na ataitikia amri. Wala asidhani kwamba atarudishwa Rungwe kuutazama mlima wake. Huenda akapangwa nchi ya miombo, kwenye jua kali na mashamba ya nyuki, au penye mikoko ya pwani, ambako hajui hata jina la mti mmoja, na wanakijiji watamtazama kama mgeni mpaka watakapoona kazi yake.