Usimvue Mtoto Kofia

(Mazungumzo ya muuguzi wa kliniki ya ngozi na wanafunzi wa shule moja ya sekondari, Kanda ya Ziwa, Tanzania)



Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu jua. Naona wengine pale nyuma mnacheka. "Jua? Sisi tumezaliwa juani, tumekulia juani, huyu muuguzi atatufundisha nini?" Haya, chekeni. Lakini nisikilizeni mpaka mwisho, maana nataka kuwasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, nikiwa mdogo kuliko ninyi.

Nilikuwa darasa la saba, tena kiranja. Kiranja mkali. Shule yetu ilikuwa na sheria kwamba mstarini hakuna kofia. Mwaka ule aliingia darasa la kwanza mtoto mmoja mwenye ualbino. Mama yake alikuwa amemshonea pama ya kitambaa cha kitenge, pana, inafunika masikio na shingo. Kila asubuhi alikuja nayo, na kila asubuhi nilimvua. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilimvua tu, nikaiweka kofia kwenye dirisha la ofisi, nikaona nimefanya kazi yangu vizuri.

Sasa angalieni. Mstari ulikuwa wa dakika ishirini, asubuhi, jua bado dogo. Lakini kofia ilibaki dirishani. Mapumziko ya saa 4 mtoto anacheza kichwa wazi. Saa 6 wanamwagilia bustani, kichwa wazi. Mchana anarudi nyumbani, na siku ambazo mimi nimesahau kumpa kofia yake, anatembea njia nzima kichwa wazi. Kwa sheria ya dakika ishirini, nilimnyima kinga ya siku nzima.

Miaka ikapita. Nikasoma uuguzi, nikapangiwa kliniki ya ngozi. Siku moja akaja kijana wa miaka ishirini na kitu, ana kidonda kwenye sikio la kushoto. Kidonda hicho alikuwa nacho miezi mingi, kinakauka, kinatoa damu, kinakauka tena. Nikawa namsafisha huku tunaulizana habari za kwetu, umesoma wapi, mwalimu mkuu alikuwa nani. Akanisogelea anitazame vizuri, maana macho yake hayaoni mbali. Akatabasamu, akasema, "Shikamoo, kaka kiranja."

Nilichelewa kuitikia.

Ilikuwa kansa ya ngozi. Madaktari walimkata sehemu ya sikio. Kwa bahati nzuri ilikuwa haijasambaa, na leo yuko hai, anafanya biashara yake. Sisemi kwamba mimi peke yangu ndiye niliyemharibia sikio. Jua hujumlishwa: la shuleni, la mpirani, la shambani, la njiani, mwaka baada ya mwaka. Ila katika hesabu ile, na mimi niliweka fungu langu.

Ndiyo sababu nimekuja.

KWA NINI NGOZI YAKE HAIWEZI JUA?

Ngozi ya binadamu ina rangi inayoitwa melanini. Rangi hiyo ni mwavuli tuliozaliwa nao. Jua linapotupiga, melanini huzuia sehemu kubwa ya mionzi mikali, ile ambayo wataalamu huiita urujuanimno. Mtu mwenye ualbino ana melanini kidogo mno, au hana kabisa. Mwavuli haupo. Mionzi inaingia moja kwa moja na kuharibu chembe hai za ngozi.

Ualbino si laana, si mkosi, na hauambukizi. Mtoto huupata pale anaporithi vinasaba vya ualbino kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa na ngozi nyeusi kama yangu na wasijue kwamba wanavyo. Wazazi wote wawili wakiwa hivyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo yule baba anayemkimbia mkewe akisema "huyu si wangu", mwambieni akasome baiolojia.

Kwetu Tanzania ualbino ni mwingi kuliko sehemu nyingi duniani. Makadirio yanayotajwa sana ni mtu 1 kati ya 1,400, wakati Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni kama mtu 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Maana yake, katika shule kubwa ya msingi hapa kwetu usishangae kukuta mtoto mmoja au wawili.

Sote tumesikia habari za kutisha za watu wenye ualbino kushambuliwa na kuuawa. Ni uovu, na lazima ukomeshwe. Lakini yupo muuaji mwingine ambaye hatangazwi redioni, naye ni kansa ya ngozi. Inawapata wakiwa vijana, na wengi hufika hospitali wamechelewa. Jambo la kuumiza ni kwamba kansa hii, kwa sehemu kubwa, inazuilika.

SAA MBAYA NDIZO SAA ZA SHULE

Mionzi ya jua ni mikali zaidi kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Sasa niambieni, saa hizo mtoto wa darasa la kwanza yuko wapi? Yuko shule, au yuko njiani anarudi. Mama anaweza kumkinga nyumbani atakavyo, lakini saa zile kali mtoto yuko mikononi mwa walimu, viranja na wenzake.

Hapa tulipo tuko karibu na Ikweta, jua linapita karibu na utosi mwaka mzima. Tena tuko juu: Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi huongezeka kwa kama asilimia 10. Mawingu nayo yasiwadanganye. Siku ya mawingu hamsikii joto, lakini mionzi mingi inapita.

Kipimo rahisi kisichohitaji saa ni kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua halijawa kali sana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, mtoto aende kivulini. Mfundisheni hata mtoto wa chekechea, ataelewa.

KINGA NI HIZI

Kwanza ni kivuli. Mwembe, veranda, darasa. Mtoto mwenye ualbino asipangiwe kufyeka au kulima mchana. Apewe kazi ya ndani, kufuta ubao au kupanga vitabu. Huko si kudekezwa. Michezo pia asinyimwe: michezo iwe asubuhi au jioni, au chini ya miti.

Pili ni nguo. Shati la mikono mirefu, sketi ndefu au suruali, soksi. Kitambaa kiwe kizito kidogo. Kipimeni hivi: kiinueni kuelekea kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya, na mionzi inapenya.

Tatu ni kofia pana, ya kuzunguka kichwa chote. Upana wa ukingo usipungue vidole vinne vya mtu mzima. Kansa nyingi tunazoziona hutokea usoni, masikioni, midomoni na shingoni, sehemu ambazo nguo haizifuniki.

Nne ni mafuta ya kukinga jua. Yawe na kipimo cha SPF 30 au zaidi. Yanapakwa kama dakika ishirini kabla ya kutoka, kwa wingi, usoni, masikioni, nyuma ya shingo na mikononi, halafu yanarudiwa kila baada ya saa mbili. Hapo ndipo shule inapohusika tena. Mtoto aliyepakwa na mama saa 12 asubuhi, ifikapo saa 4 hana kinga tena. Lazima awepo mtu wa kumkumbusha na kumsaidia. Mafuta haya yalikuwa ya kuagizwa nje na ya bei kubwa, lakini katika miaka ya 2010 yalianza kutengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC. Yanaitwa Kilisun, na yamegawiwa bure kwa watu wenye ualbino kupitia kliniki. Ulizeni kliniki ya ngozi ya mkoa wenu, au chama cha watu wenye ualbino. Mkiyapata, yawekeni mahali penye kivuli, yasipikwe dirishani.

Na macho msiyasahau. Jua linamuumiza, na ubao hauoni vizuri. Akae mbele, lakini asielekezwe kwenye dirisha lenye mwanga mkali. Akisogeza daftari karibu na pua si mjinga wala hafanyi utani, ndivyo anavyosoma. Apelekwe kupimwa macho.

NINYI MNAWEZA NINI?

Mtaniambia, "Kaka, sisi ni wanafunzi tu." Hata mimi nilikuwa mwanafunzi tu, na niliweza kumvua mtoto kofia kila siku. Mwanafunzi ana nguvu. Swali ni anaitumia wapi.

Ng'ambo ya uzio ule ipo shule ya msingi. Wadogo zenu wako pale, na wengine mnatembea nao njia moja. Ukimkuta mtoto mwenye ualbino njiani mchana, tembea naye upande wenye miti. Mwavuli mmoja mnaweza kujikinga wawili. Ukiona wenzake wanarushiana kofia yake kama mpira, usipite ukicheka. Irudishe kichwani mwake. Ukiona kidonda kisichopona kwa wiki nne, au magamba magumu usoni, waambie wazazi wampeleke hospitali. Magamba ya mapema hugandishwa kwa dawa ya baridi kali na yakaisha. Yakiachwa, mengine hugeuka kansa, na kansa ikikua inahitaji kisu.

Viranja mlio hapa, nawaomba jambo moja. Mwendeeni mwalimu mkuu kwa adabu, mwambieni aandike kwenye sheria za shule maneno machache tu: mwanafunzi mwenye ualbino aruhusiwe kuvaa kofia, miwani na mikono mirefu wakati wote, mstarini pia. Yakishaandikwa, hata kiranja mkali kama nilivyokuwa mimi hatakuwa na la kusema. Baadhi yenu mtakuwa walimu. Sheria hiyo iendeni nayo.

Mtoto wa pumu hanyang'anywi dawa yake kwa sababu si sehemu ya sare. Kofia ile nayo ilikuwa dawa. Mimi sikujua. Ninyi mmeshajua.

MASWALI YA WANAFUNZI

Je, kapelo haitoshi?
Ni afadhali kuliko kichwa wazi, lakini haitoshi. Inafunika paji la uso, inaacha masikio na shingo. Kama hana nyingine, mama amshonee kitambaa cha kuning'inia nyuma na pembeni.

Mafuta ya nazi au ya mgando yanazuia jua?
Hapana. Yanalainisha ngozi tu. Mtu akiyapaka akadhani amejikinga, atakaa juani muda mrefu zaidi na kuungua zaidi.

Na sisi wenye ngozi nyeusi, jua halitudhuru?
Melanini inatusaidia sana kwenye ngozi, lakini si kila kitu. Mionzi huharibu macho ya kila mtu na huchangia ugonjwa wa mtoto wa jicho. Joto nalo huangusha watoto, hasa wadogo waliosimamishwa mstarini bila kunywa maji. Kivuli na maji ni haki ya kila mtoto.

Yule kijana, ulimwomba msamaha?
(Kimya kidogo.) Nilimwomba. Akaniambia, "Kaka, ulikuwa mtoto, na sheria ilikuwa ya wakubwa." Halafu akaniuliza kama bado naenda kijijini. Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi ukienda, pita pale shuleni, uwaambie."

Nilipita. Na leo nimepita hapa.