Kilomita Ile Ile Kila Mwaka



Kila mwaka miji hutoa hesabu ya kazi zake: barabara zilizofunguliwa, mitaro iliyochimbwa, viwanja vya wazi vilivyotengwa. Baraka nayo ni mji sasa, ina meya na komini zake. Mimi naomba jambo moja tu. Hesabu hiyo isisomwe kiangazi, vumbi likiwa limetulia na kila barabara ikipendeza macho. Isomwe mwezi wa tano, mvua zikiisha, kazi iliyosimama ikiwa imesimama na iliyokwenda na maji ikiwa imekwenda.

Nasema hivyo kwa sababu tunahesabu kilomita ile ile mwaka hadi mwaka. Barabara ya udongo haiuawi na magari, inauawa na maji. Kiangazi vijana wanapewa majembe, wanachimba mtaro kando ya barabara, wanalundika udongo kwenye ukingo wa chini. Ukitazama, ni kazi nzuri. Mvua za mwezi wa tisa zikianza, maji yanatafuta pa kutokea, yanakuta udongo ule umeziba, yanarudi katikati ya barabara na kufuata alama ya tairi. Haipiti muda alama ile ni korongo. Motari aliyebeba magunia mawili ya muhogo anashuka, anafungua mzigo, anavusha gunia moja moja kwa bega, kisha anarudi kusukuma pikipiki. Kiangazi kingine vijana wanapelekwa palepale, na kilomita ile inaandikwa tena kama maendeleo mapya.

Dawa yake haidai mashine kubwa. Udongo utupwe mbali na ukingo. Kwenye kila mteremko ikatwe njia ya kutoa maji porini. Na mtu wa kijiji kile kile alipwe kuzibua njia hizo baada ya kila mvua kubwa, kama walivyofanya makantonye ambao wazee wetu bado wanawakumbuka. Bila huyo wa mwisho, yote mengine ni bure.

Njia ninayoisema hasa ni ile ya kupanda Lubondja, milimani. Kwa nini msikilizaji wa Baraka aishughulikie, wakati iko nje kabisa ya mipaka ya mji? Kwa sababu anaila. Muhogo, mahindi, maharage, mafuta ya mawese vinashuka kutoka milimani. Chumvi, sabuni na ndagala vinapanda. Njia ikikatika, mama anayeuza sombe sokoni anajua siku ileile, na mgonjwa wa mlimani anashushwa kwa kipoyi mabegani mwa watu. Meya anaweza kusema kwa haki kwamba njia ile si ya mji. Lakini mji unaolishwa na njia una neno la kusema juu yake, na hesabu ya mwaka ndiyo mahali pa kulisema.

Tuje kwenye pesa. Katiba ya mwaka 2006 inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa. Sheria ya mwezi wa kumi mwaka 2008 inataka asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo zishuke tena hadi kwenye miji, komini, sekta na shefri. Mwaka huohuo wa 2008 ukaundwa mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, unaokula kwenye bei ya mafuta. Kila motari anayenunua lita ya mafuta yaliyotozwa kodi hiyo amekwisha kuichangia barabara. Inajulikana nchi nzima kwamba fungu la majimbo halifiki kama sheria inavyotaka, kwa hiyo sitamlaumu meya kwa pesa ambazo hakupokea. Basi aseme alizopokea, na zimeingia avenyu gani. Tena aseme kwa Kiswahili, maana anayelipa kodi ya meza sokoni hakulipa kwa Kifaransa.

Wapo watakaoniambia: tangu Bukavu itekwe mwezi wa pili mwaka 2025 vita viko mlangoni, wewe unaongea barabara na viwanja vya kupumzikia? Naongea, kwa sababu mji huu wote umekua kwa njia ya vita. Kuanzia mwaka 2005 meli ziliwarudisha wakimbizi wetu kutoka Kigoma zikawashusha hapa. Kuanzia 2015 Warundi walikuja, wakapokelewa Lusenda, baadaye Mulongwe. Watu wa milimani wameshuka mara ngapi? Kila kundi lilihitaji kiwanja, na kila mara palipoliwa ni pale palipokuwa wazi, mahali watoto walipochezea mpira.

Lakini kando ya Ziwa Tanganyika bado tuna nafasi ambayo haitarudi. Tanganyika ina mto mmoja tu wa kuitoa maji, Lukuga, kule Kalemie. Mvua zikizidi, ziwa linapanda na kukaa juu kwa muda mrefu. Tuliliona mwaka 2020, tukaliona tena 2024: maji ndani ya nyumba, vyoo vimefunikwa, na kipindupindu, ambacho hakijawahi kuihama pwani hii, kikapata njia. Maji yakirudi nyuma, wauza viwanja nao wanarudi, na familia nyingine inanunua matope. Pasiuzwe pale maji yanapofika. Vipigwe vigingi mapema, ipandwe miti, papewe jina, pawe uwanja wa watu wote. Mji hautapata bustani ya bei nafuu kuliko hiyo.

Mwezi wa tano, siku hesabu itakapokuwa inasomwa, motari wa njia ya Lubondja apewe mikrofoni kabla ya mkubwa yeyote, ataje daraja kwa daraja lipi limebaki na lipi limekwenda. Kisha meya asome karatasi yake.