Daftari la mama mlezi: kujua gharama na kulipa kodi iliyo halali

(Hii ni mada iliyotolewa katika semina ya siku moja kwa walezi wa watoto wa mchana na wajumbe wa kamati za parokia. Tunaichapisha kwa faida ya wasomaji wetu wote.)



Mama anayechukua samaki Feri au mboga Ilala hutoka nyumbani alfajiri, kabla ya jua. Mtoto wake wa miaka miwili hawezi kwenda naye. Humwacha kwa mama jirani ambaye anapokea watoto kumi au zaidi, anawapa uji, chakula cha mchana na mahali pa kulala, hadi jioni. Wengi wetu tumezoea kuita kazi hiyo kusaidiana. Ni kusaidiana kweli, lakini pia ni biashara. Kuna ada inayoingia na gharama zinazotoka, kuna sheria inayoitambua, na ikifika kiwango fulani kuna kodi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana viandikishwe, na mlango wa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii katika halmashauri yako.

Leo sitazungumzia malezi, maana ninyi akina mama mnayajua kuliko mimi. Nitazungumzia daftari. Mahali pasipo na hesabu, anayelipa upungufu ni mtoto. Bei ya unga inapopanda na mama hajui amebakiwa na nini, haongezi ada, bali huongeza maji kwenye sufuria. Uji unakuwa mwepesi, na mzazi hajui.

1. Kutenganisha fedha ya watoto na fedha ya nyumbani

Kazi hii hufanyika nyumbani, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mkaa ni ule ule unaopikia familia. Maji ni ya ndoo zile zile. Chumba ni kile ambacho usiku wanalala watoto wako. Hivyo basi, anza na mambo manne yafuatayo.

Kwanza, uwe na chombo cha pekee cha unga na sukari ya watoto wa kituo. Kikiisha, unajua kimedumu siku ngapi na kiliwalisha watoto wangapi.

Pili, gharama za pamoja zigawanywe kwa kipimo unachoweza kukieleza. Hesabu ndoo za maji kwa wiki moja: ngapi ni za kituo, ngapi ni za nyumbani. Mkaa, hesabu vyungu. Pango, angalia chumba kinachotumika na kwa muda gani. Chumba cha 30,000 kwa mwezi ambacho mchana ni cha watoto na usiku ni cha familia, andika nusu, yaani 15,000.

Tatu, mtoto wako mwenyewe naye anakunywa uji wa kituo. Kikombe chake ni matumizi ya nyumbani. Kiandike upande huo.

Nne, wazazi wengi siku hizi wanalipa kwa simu. Tenga laini moja kwa ajili ya ada tu. Mchango wa harusi, vikoba na sadaka visitoke kwenye laini hiyo. Hayo ni mambo mema, lakini si gharama za kituo. Unayatoa katika kile kilichobaki kwako.

2. Mfano wa hesabu

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Ameandikisha watoto 12, ada ni shilingi 1,500 kwa mtoto kwa siku, na mwezi una siku 22 za kazi. Kwa kichwa atasema anapata 396,000 kwa mwezi. Lakini daftari la mahudhurio linaonyesha kwamba kila siku, kwa wastani, watoto wawili hawafiki: mmoja anaumwa, mwingine amepelekwa kwa bibi. Wanaofika na kulipiwa ni 10. Kwa hiyo kinachoingia ni 330,000.

Sasa matumizi yake kwa mwezi:

Unga, sukari, maziwa na chakula cha mchana, 500 kwa mtoto kwa siku: 110,000
Msaidizi wa nusu siku: 70,000
Mkaa, sehemu ya kituo: 30,000
Sabuni na dawa ya kusafishia: 15,000
Nusu ya pango la chumba: 15,000
Maji: 12,000
Akiba ya kubadilisha mikeka na vikombe: 10,000

Jumla ni 262,000. Kilichobaki ni 68,000, ambayo ni kama 3,100 kwa siku kwa mtu aliyeanza kazi saa kumi na mbili asubuhi. Mama huyu huona 15,000 mkononi kila siku, na majirani nao huziona. Asipokuwa na daftari ataamini kwamba zote ni zake, na ifikapo tarehe 20 atakopa ili anunue unga.

Tuendelee. Chakula kikipanda kutoka 500 hadi 600 kwa mtoto, gharama inaongezeka kwa 22,000 kwa mwezi, naye anabakiwa na 46,000. Afanye nini? Akiongeza ada kwa shilingi 100 tu kwa siku, pengo linazibika lote. Mwenye daftari anaweza kuwaita wazazi na kuwaonyesha jambo hili kwa kidole: unga ulikuwa hivi, sasa ni hivi, naomba 100. Mzazi muuza mboga anaelewa hesabu ya namna hiyo, kwa kuwa ndiyo hesabu yake ya kila siku.

3. Kodi

Hapa wengi hushtuka. Nawaomba mtulie, tuangalie sheria inasema nini.

Kwa mfanyabiashara mdogo aliye mtu binafsi, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutoza kodi kwa kuangalia mauzo ya mwaka, si faida. Mauzo yako ni ada zote zilizoingia, kabla ya kutoa unga, mkaa wala mshahara. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2019, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka halipi kodi hiyo. Anayezidi 4,000,000 hadi 7,000,000 na anatunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000. Asiyetunza kumbukumbu, katika kundi hilo hilo, hulipa 100,000. Kwa kundi la 7,000,000 hadi 11,000,000, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi 7,000,000. Viwango hivi huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika Julai mosi. Hivyo kila mwaka ulizeni ofisi ya TRA iliyo karibu.

Turudi kwa mama wetu. Kwa ada ya 1,500, mauzo yake ya mwaka ni 3,960,000. Yuko chini ya kiwango. Akiongeza ada kuwa 1,600, mauzo yanakuwa 4,224,000. Amevuka. Je, aogope kuongeza ada? Tuhesabu. Nyongeza inamletea 264,000 kwa mwaka. Kodi, akiwa na kumbukumbu, ni asilimia 3 ya 224,000, yaani 6,720. Hiyo si sababu ya kuacha uji uwe mwepesi. Lakini bila kumbukumbu mama huyo huyo anadaiwa 100,000, karibu kipato chake cha mwezi mmoja na nusu. Tofauti ni 93,280, na inatokana na daftari tu.

Mtaniuliza: kama kodi haiangalii gharama, kwa nini tuandike gharama? Ni kwa sababu TRA haitakuuliza umebakiwa na nini. Ni lazima ujiulize mwenyewe. Daftari la mapato linakulinda kwenye kodi, na daftari la matumizi linalinda sufuria.

Utaratibu wenyewe si mgumu. TIN hutolewa bure, na ukianza biashara unatakiwa uombe ndani ya siku 15. Kodi hulipwa kwa awamu nne: ifikapo 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kwa mama wetu hiyo ni 1,680 kila awamu. Dai risiti unaponunua, na pale usipoipata, andika tarehe, kitu, kiasi na bei siku hiyo hiyo. Daftari la mahudhurio, daftari la fedha na risiti vitunzwe kwa miaka mitano, mahali ambapo panya na mvua havifiki.

4. Kwa kamati na wafadhili

Sasa nizungumze nanyi wajumbe. Kituo ni cha nani? Jambo hili liamuliwe mapema na liandikwe. Utaratibu niliousema ni wa mtu binafsi. Parokia, kikundi au kampuni si mtu binafsi, na taratibu zake ni nyingine. Si haki kituo cha parokia kuendeshwa kwa TIN ya mama mmoja, maana deni likija litamfuata yeye nyumbani kwake.

Aidha, kamati nyingi huwapa walezi ukumbi bure. Ni jambo jema. Lakini ada inayotosha kwa sababu ukumbi ni bure haitatosha siku ukumbi ukihitajika kwa kazi nyingine. Andikeni katika daftari thamani ya pango ambalo halilipwi, ili kila mtu aone kituo kinasimama kwa miguu yake au kwa mkongojo.

Kwenu wafadhili, magunia ya unga na mikeka mnayoleta yaandikwe ukurasa wa pekee, yasichanganywe na ada. Na mnapoomba taarifa, msiishie kuuliza idadi ya watoto. Ulizeni pia kikombe kimoja cha uji kinagharimu kiasi gani, na mama mlezi amebakiwa na nini mwisho wa mwezi. Kituo chenye watoto 30 na mlezi asiyebakiwa na kitu kitafungwa kabla taarifa yenu haijachapwa.

Napendekeza kila kamati ichague mjumbe mmoja anayejua hesabu, akae na kila mlezi saa moja kila mwisho wa mwezi, kwa miezi mitatu ya mwanzo. Asimwandikie, bali amwangalie anavyoandika. Daftari la kurasa mia moja na kalamu moja vinatosha kuanza kesho asubuhi, mtoto wa kwanza anapoingia mlangoni.