Kahawa kwa Wanaotibiwa Ili Wapate Mtoto: Kiasi Gani Kinafaa?

Mazungumzo ya afya ya uzazi kwa wakazi wa Lodwar na Kakuma

 

Tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, kahawa ya Waethiopia, buna, imekuwa sehemu ya maisha ya mji ule. Kahawa hukaangwa mbele ya wageni, hutwangwa, huchemshwa ndani ya jebena na kumiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Mgeni hunywa duru tatu: abol, tona na baraka. Kuondoka kabla ya baraka ni kama kumkosea mwenye nyumba. Lodwar nako watu wengi hawaanzi siku bila chai ya maziwa, na wapo vijana wanaomaliza mchana kwa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu.

Sasa chukueni mfano wa mama aliyekaa kwenye ndoa miaka minne bila mtoto. Ameanza matibabu, na mbuzi wameuzwa ili dawa zinunuliwe. Anaingia kwa jirani, anapewa buna. Akikataa, maswali yataanza na siri yake itatoka. Akinywa, usiku hapati usingizi akiwaza kama amejiharibia tiba. Na tiba isipofaulu, yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa, pamoja na kikombe chake. Mazungumzo haya ni kwa ajili yake, mumewe, mama mkwe na majirani.

Jibu fupi ni hili: kikombe kimoja au viwili vya kahawa kwa siku havijaonekana kumzuia mwanamke kushika mimba. Chama cha Marekani cha Tiba ya Uzazi kinaeleza hivyo, na kinaonya kwamba kunywa vikombe zaidi ya vitano kwa siku kumehusishwa na kupungua kwa uwezo wa kushika mimba. Mwaka 2012 watafiti wa Denmark walieleza kuwa wanawake waliotungishiwa mimba nje ya mwili, na waliokuwa wakinywa vikombe vitano au zaidi kila siku, walifaulu mara chache kuliko wasiokunywa. Uchunguzi mwingine uliofanywa baadaye haukuona tofauti hiyo. Kwa hiyo madaktari wengi hushauri kiasi. Kahawa si sumu, lakini kuzidisha hakuna faida.

Kinachohesabiwa ni kafeini, ile inayoondoa usingizi. Mama mjamzito hushauriwa asizidishe miligramu 200 kwa siku. Shirika la Afya Duniani nalo huwashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 wapunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Anayetibiwa ili apate mimba anaweza kuwa mjamzito kabla hajajua, kwa hiyo afadhali azoee kipimo hicho mapema.

Hesabu yake si ngumu. Kikombe cha kawaida cha kahawa kina kafeini karibu miligramu 95. Kikombe cha chai kina kati ya 40 na 50, na chai iliyochemshwa sana na majani mengi huwa na zaidi. Chupa ya soda ya kola ina karibu 30. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina karibu 80, na juu yake sukari nyingi. Vikombe vya buna ni vidogo, na duru ya pili na ya tatu huwa nyepesi kwa sababu maji huongezwa juu ya kahawa ileile. Mama aliyealikwa mara moja kwa siku anaweza kunywa kwa amani. Tatizo huja akialikwa nyumba tatu, kisha akaongeza chai asubuhi na jioni.

Anayetaka kupunguza asiache kwa ghafla. Mtu aliyezoea kahawa nyingi akiiacha siku moja huumwa kichwa na kuchoka kwa siku kadhaa, akadhani dawa za hospitali ndizo zinazomdhuru. Apunguze kikombe kimoja kila baada ya siku chache. Kwa jirani anaweza kupokea abol, akashukuru, kisha akaomba kikombe kijazwe nusu katika duru zinazofuata. Heshima itabaki, na siri yake pia.

Kuna mambo mawili kuhusu kahawa na chai ambayo hayatiliwi maanani. La kwanza ni vidonge vya kuongeza damu. Chai na kahawa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Anayemeza vidonge vyake kwa chai anapoteza sehemu ya dawa. Vimezwe kwa maji, na chai isubiri saa moja au zaidi. Chai na kahawa zisinywewe pamoja na chakula pia, hasa kwa mama mwenye upungufu wa damu.

La pili ni siku ya kutolewa mayai kwa wale wanaotungishiwa mimba nje ya mwili. Mama hupewa dawa ya usingizi au ya kutuliza, na huambiwa asile kwa saa kadhaa. Kahawa ya maziwa ni chakula. Aulize mapema ni saa ngapi aache kula na kunywa, na afuate maagizo hayo.

Hata hivyo, ndugu wakazi, kahawa isigeuzwe mbuzi wa kafara. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupatwa na shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani. Sababu zake ni nzito kuliko kikombe. Mirija ya uzazi huziba kwa sababu ya kisonono au klamidia isiyotibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Mayai hukosa kupevuka kwa sababu ya homoni. Umri nao una nafasi yake. Uvutaji wa sigara hupunguza uwezo wa kuzaa kwa mwanamke na kwa mwanamume. Tumbaku ya kutafuna ina nikotini pia, kwa hiyo anayeitumia amweleze daktari, pamoja na anayetafuna miraa au kunywa pombe.

Na si mwanamke peke yake. Katika karibu nusu ya wenzi wanaochelewa kupata mtoto, tatizo liko kwa mwanamume au kwa wote wawili. Kupima mbegu za kiume ni kazi rahisi, haina kisu wala maumivu. Mume anayekataa kupimwa huku mkewe akimeza dawa mwaka mzima anapoteza mifugo yake na miaka ya mkewe.

Wenzi waliojaribu miezi 12 bila kinga na bila mimba waende pamoja kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mke aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Wakihitaji uchunguzi zaidi wataelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Lodwar. Wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei waanzie kliniki zao. Wengi hawatahitaji tiba kubwa, kwani maambukizi hutibika na zipo dawa za kusaidia mayai kupevuka. Utungishaji wa mimba nje ya mwili, uliomleta Louise Brown duniani huko Uingereza mwaka 1978, umezaa watoto Nairobi tangu 2006, lakini ni safari ndefu na gharama kubwa. Asikimbilie huko mtu ambaye hajafanyiwa vipimo vya mwanzo.

Kwa mama wakwe na majirani, ombi ni moja. Mama akipunguza kahawa, msimhoji. Na akinywa kikombe kimoja baada ya kazi ya kutwa, msimhesabie. Tiba isipofaulu mara ya kwanza, asiambiwe kuwa ni buna. Ana hofu ya kutosha tayari. Anachohitaji ni mume wa kumsindikiza kliniki na mtu wa kuketi naye.