MAONI YA LEO: Shahada ya Nini?

Ndugu maafisa na askari wa jeshi na wa polisi, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya taifa si kahawa na pamba peke yake. Elimu ya vijana wake ni mali pia. Je, daftari la mali hiyo limeandikwa barabara?

Mwaka 2016/17, na tena mwaka 2021, Ofisi ya Takwimu ya Uganda ilifanya uchunguzi wa taifa wa nguvukazi. Katika uchunguzi wa namna hii, wadadisi huuliza nani ana kazi, nani anaitafuta, na elimu yake imefika kiwango gani. Maswali hayo ni mema. Lakini neno "shahada" likiandikwa peke yake ni kama neno "askari": halisemi kama mtu huyo ni wa mizinga, wa upelelezi au wa usalama barabarani.

Tuseme kwamba huko Kuluba, wilayani Koboko, nyumba moja ina vijana wawili. Mmoja ana shahada ya kilimo, wa pili ya historia, na wote wawili hulinda ghala mjini Arua. Karatasi isiyouliza somo itaonyesha wenye shahada wawili, wote wana kazi. Hesabu ni sahihi, lakini ukweli umefichika. Kwani mashamba ya Kuluba yanamhitaji bwana shamba, naye yuko langoni ameshika kurunzi.

Dunia imekwisha kuliona jambo hili. Mwaka 2013 UNESCO ilitoa orodha ya nyanja za elimu yenye mafungu makuu 11. Hata mafunzo yenu hayakuchanganywa: ya kijeshi yamepewa namba 1031, na ya ulinzi wa watu na mali, ikiwamo kazi ya polisi, namba 1032. Ikiwa bunduki na pingu zimetengwa, kwa nini jembe na kitabu vitiwe kapu moja?

Yawahusuni nini? Kwanza, mdadisi hupita majumbani, na kwa kawaida haingii kambini. Watakaoulizwa ni wake, wazazi na ndugu zenu. Mara nyingi mzazi humjibia mwana asiyekuwapo. Naye akisema tu "alisoma Makerere", mdadisi hana la kuandika. Basi waelezeni watu wa nyumbani wataje somo lenyewe kwa jina lake.

Pili, sheria ya takwimu ya mwaka 1998 inalinda siri ya majibu ya kila mtu. Hayakusanywi kwa ajili ya kodi wala kwa ajili ya kumkamata mtu. Askari atakayemsimamisha mdadisi njiani na kutaka kusoma karatasi zake atawatia watu hofu, na mwenye hofu hasemi kweli. Mlinde apite, wala msimpekue.

Kuandika somo hakumpi mtu kazi. Hata hivyo, kamanda asiyejua ana mafundi wangapi na waganga wangapi hawezi kupanga kikosi chake. Taifa nalo ni vivyo hivyo. Mdadisi akibisha hodi Kuluba, jibu lisikomee kwenye shahada. Liseme ni shahada ya nini.