Umati, Msafara na Genge

Leo nataka kusema nanyi juu ya maneno yatumikayo kuwataja watu wengi walio pamoja. Mtu akirudi kutoka mnadani huulizwa, "Palikuwaje?" Naye hujibu, "Palikuwa na watu wengi." Jibu hilo ni la kweli, walakini halimpi msikilizaji picha yo yote. Lugha yetu ina hazina ya maneno kwa jambo hili, na kila neno lina kazi yake.

Neno la kwanza ni UMATI, yaani watu wengi waliojaa mahali pamoja, wawe wamepangwa au hawakupangwa. Katika Usukuma tunao mfano mzuri. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu hushindana kwa wakati mmoja, kila upande mahali pake. Watazamaji huenda huku na huko watakavyo, na upande unaovuta watu wengi zaidi ndio unaoshinda. Hapo umati ndio mwamuzi. Watu wakibanana hata mtu akose pa kuweka mguu, twasema pana MSONGAMANO. Naye atendaye jambo mbele ya macho yao, amelitenda mbele ya KADAMNASI.

Neno la pili ni MSAFARA. Watu wa msafara wana njia moja na mwisho mmoja. Zamani kabla ya reli, Wanyamwezi na Wasukuma walichukua pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, wakarudi na nguo na shanga. Mbele alikwenda kirangozi, na nyuma yake kila mpagazi na mzigo wake. Watu hao hata wangekuwa elfu, kuwaita umati tu ni kuwapunja, kwa kuwa walikuwa na utaratibu.

Neno la tatu ni GENGE. Reli itokayo Tabora, ipitayo Shinyanga, ilifika Mwanza mwaka 1928. Katika kazi kama hiyo genge lilikuwa kundi la wafanyakazi chini ya mnyapara wao, wala neno halikuwa na aibu. Siku hizi mtu akisikia "genge la vijana" hudhani ni wezi. Basi neno laweza kuchafuka.

Tena neno laweza kupata heshima. SUNGUSUNGU ni wadudu weusi wa jamii ya chungu, wenye kuuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji wa Shinyanga na Tabora, wakichoshwa na wezi wa ng'ombe, waliunda vikundi vya ulinzi, navyo vikaitwa kwa jina hilo. Baadhi yao walilaumiwa kwa kuadhibu watu pasipo hukumu, lakini jina la mdudu lilikuwa jina la walinzi.

Sasa tufike kwenye dhahabu. Habari ya dhahabu ikisikika Geita au Kahama, watu humiminika. Wachimbaji wenyewe huita RASHI. Mwezi wa Agosti 1996, wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Idadi yao ikabishaniwa: wengine walisema ni wachache, wengine walisema ni malaki. Jina lao pia likabishaniwa. Waliosema "wachimbaji wadogo" waliwaona watu wenye kazi na jamaa; waliosema "wachimbaji haramu" waliona kosa tu. Watu walikuwa wale wale, lakini aliyekuwa mbali, asiyeona kwa macho yake, aliwahukumu kwa neno alilolisikia kwanza. Mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na wachimbaji wadogo wakaingia humo kuuza dhahabu yao mchana kweupe. Huko mtu wa namna ile ile huitwa muuzaji, naye hupewa risiti.

Basi, kabla hujawapa jina watu wengi, jiulize mambo matatu: Wamekuja kwa shauri gani? Wana utaratibu gani? Na jina hili, wenyewe wangelikubali? Maana mtu mmoja akisingiziwa aweza kujitetea, lakini umati hauna kinywa kimoja.

Wanafunzi, andikeni sentensi tano juu ya siku ya mnada kijijini kwenu, pasipo kutumia maneno "watu wengi" hata mara moja.